Jinsi ya Kupima Msuguano kwa Ubao, Kipande cha Mbao na Mizani ya Springi

Mwanafunzi anapoulizwa ni kani kiasi gani ya msuguano inayofanya kazi juu ya kipande cha mbao kilichotulia mezani, bila mtu yeyote kukivuta wala kukisukuma, mara nyingi hukimbilia fomula: huchukua kizigeu cha msuguano, yaani namba inayoeleza jinsi nyuso mbili zinavyozuiana kuteleza, hukizidisha kwa uzito, kisha huandika jibu lenye tarakimu mbili baada ya nukta. Jibu sahihi ni sifuri. Msuguano hauanzishi ugomvi, hujibu tu; pasipo na kani inayojaribu kukitelezesha kitu, hakuna cha kujibiwa. Mwongozo huu umepangwa ili jambo hilo lionekane kwa macho na lihisiwe mkononi, kwa vifaa ambavyo havihitaji maabara, na mwishoni uwe na namba yako mwenyewe unayoweza kuitumia kubashiri mwendo wa kitu kabla hakijaanza kuteleza.

Vifaa vinavyohitajika

Tafuta ubao wa urefu wa mita 1, ulionyooka na kulainishwa kwa randa au msasa, pamoja na kipande cha mbao chenye umbo la tofali ambacho ubavu wake mmoja ni mwembamba kuliko mwingine. Mifano yangu yote itachukulia kwamba kipande hicho kina tungamo la kilogramu 0.5. Kama chako ni chepesi mno, gongomea vipande vidogo vya chuma upande wa juu, si upande unaoteleza. Utahitaji pia mizani ya springi inayosoma hadi newtoni 10, uzi imara, rula au futi ya kupimia, mifuko miwili midogo ya mchanga yenye nusu kilo kila mmoja, kitambaa kikavu, na simu yenye kamera ya video. Mizani ikiwa imeandikwa gramu badala ya newtoni, gawanya usomaji kwa 1,000 ili upate kilogramu, kisha zidisha kwa 9.8.

Hatua ya kwanza: tenganisha tungamo na uzito

Katika mazungumzo ya kawaida tunasema kitu kina "uzito wa kilo mbili" na hakuna anayelalamika, lakini katika kazi hii maneno hayo mawili lazima yaachane. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, nalo hupimwa kwa kilogramu. Ndilo linalokifanya kitu kiwe kigumu kuanzishwa mwendo na kigumu kusimamishwa. Uzito ni kani ambayo dunia inakivuta kitu hicho, nayo hupimwa kwa newtoni. Kipande chenye tungamo la kilogramu 0.5 kina uzito wa newtoni 4.9, kwa sababu kila kilogramu moja huvutwa kwa newtoni 9.8 hivi. Namba hiyo ya 9.8 hubadilika kidogo kutoka mahali hadi mahali: kwenye ikweta, usawa wa bahari, ni 9.78, na kwenye ncha za dunia ni 9.83. Mwezini ni 1.62 tu, kwa hiyo kipande kilekile kingekuwa na uzito wa newtoni 0.81, ingawa tungamo lake lingebaki kilogramu 0.5 na ungekipiga teke bado kingekuumiza kidole vilevile.

Ning'iniza kipande chako kwenye mizani ya springi, subiri kitulie, andika uzito wake. Gawanya kwa 9.8 upate tungamo. Namba zote mbili ziandike ukurasa wa kwanza wa daftari, kila moja na kipimo chake.

Hatua ya pili: chora kani kabla ya kugusa chochote

Chora mstatili mdogo unaowakilisha kipande, kisha jiulize swali moja tu: ni vitu gani vinavyokivuta au kukisukuma? Dunia inakivuta kuelekea chini. Huo ni mshale wa uzito. Ubao unakisukuma kwa pembe mraba na uso wake. Mshale huo nitauita kani egemezi. Uzi, kama umefungwa, unakivuta kuelekea kwenye mkono wako. Na ubao huohuo, sambamba na uso wake, unakizuia kisiteleze. Huo ndio msuguano. Mishale minne, basi. Usichore mshale wa "kani ya mwendo", hata kama kipande kinakwenda kasi, kwa sababu mwendo si kani, na kitu kinachokwenda kwa kasi isiyobadilika katika mstari mnyoofu hakihitaji kani yoyote ya ziada ili kiendelee. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya Isaac Newton, aliyoichapisha pamoja na nyingine mbili mwaka 1687, na ndiyo ambayo akili ya binadamu huikataa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa maishani mwetu msuguano uko kila mahali na kila tunachokiacha husimama.

Kuna mtego mwingine hapa. Wengi husema kwamba kani egemezi na uzito ni ile jozi ya tendo na jibu inayotajwa katika kanuni ya tatu. Si kweli. Jozi ya kanuni ya tatu siku zote hufanya kazi juu ya vitu viwili tofauti: dunia inakivuta kipande, nacho kipande kinaivuta dunia kwa kani ileile. Uzito na kani egemezi zote mbili ziko juu ya kipande kimoja, nazo husawazishana pale tu ubao unapokuwa mlalo. Ukiuinamisha ubao, usawa huo huvunjika, na hapo ndipo hatua inayofuata inapoanzia.

Hatua ya tatu: inamisha ubao hadi kipande kiteleze

Pangusa ubao na kipande kwa kitambaa kikavu, na kuanzia sasa kishike kipande kwa ubavu tu. Weka kipande karibu na ncha moja ya ubao, kisha inua ncha hiyo polepole, bila kuutikisa, huku ncha ya pili ikiwa imezuiwa isirudi nyuma. Kwa muda utaona kwamba hakuna kinachotokea. Ukweli ni kwamba mengi yanatokea: kadiri mwinamo unavyoongezeka, ndivyo sehemu ya uzito inayokivuta kipande kuteremka inavyokua, na msuguano unakua nayo hatua kwa hatua, ukiilipa newtoni kwa newtoni, hadi unapofika kikomo chake. Hapo kipande huchomoka ghafla.

Simamisha ubao katika mwinamo huohuo na upime vitu viwili: kimo cha ncha iliyoinuliwa, na umbali wa mlalo kutoka chini ya ncha hiyo hadi pale ubao unapogusa meza. Gawanya kimo kwa umbali huo wa mlalo. Jibu ndilo kizigeu cha msuguano tuli, yaani uwiano kati ya msuguano mkubwa kabisa ambao nyuso hizo mbili zinaweza kuutoa kabla ya kuteleza na kani egemezi inayozibana. Kwa ubao wa sentimita 100, kimo kikiwa sentimita 37, umbali wa mlalo huwa karibu sentimita 93, na kizigeu ni 0.40. Hakina kipimo, kwa kuwa ni kani iliyogawanywa kwa kani.

Rudia mara 10. Matokeo hayatalingana, na hilo lisikutie wasiwasi. Kimo kinaweza kucheza kati ya sentimita 34 na 40 bila kosa lolote la mpimaji, kwa sababu msuguano hutegemea sehemu hasa ya ubao ambapo kipande kimekaa. Chukua wastani. Ikiwa namba zinapanda au kushuka kwa mpangilio kadiri unavyorudia, hapo shaka ni halali: ama ubao unasuguliwa na kuwa laini zaidi, ama unakusanya vumbi na jasho la vidole. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikitafuta kosa katika hesabu, kumbe kosa lilikuwa alama ya kidole gumba katikati ya ubao.

Hatua ya nne: vuta kwa mizani juu ya ubao mlalo

Hii ndiyo hatua yenye mafunzo mengi kuliko zote, na pia ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo usiifanye kwa haraka.

Kwanza, rekebisha sifuri ya mizani ikiwa imelala. Mizani ya springi hutengenezwa itumike ikiwa inaning'inia, ambapo ndoano na fimbo yake ya ndani huivuta springi kidogo kwa uzito wao. Ukiilaza, uzito huo hauivuti tena, na mshale hurudi chini ya sifuri. Kama mizani yako ina skrubu ya kurekebishia, itumie. Kama haina, andika tofauti hiyo na uiongeze kwenye kila usomaji.

Pili, funga uzi ili uwe sambamba kabisa na ubao. Uzi unaopanda kuelekea mkononi huvuta na kuinua kwa wakati mmoja. Ukivuta kwa newtoni 2 katika mwinamo wa nyuzi 30, newtoni 1 nzima inakwenda kukiinua kipande, kani egemezi inashuka kutoka 4.9 hadi 3.9, na msuguano unaoupima si ule uliokusudia kuupima.

Sasa vuta taratibu, taratibu sana, ukiangalia mshale. Mizani itasoma 0.5 na kipande hakitasogea. Maana yake msuguano wakati huo ni newtoni 0.5. Itasoma 1.0, bado kimetulia, na msuguano ni 1.0. Itasoma 1.5, na msuguano ni 1.5. Kipande ni kilekile, ubao ni uleule, kizigeu hakijabadilika, lakini msuguano umebadilika mara tatu mbele ya macho yako. Kwa hiyo zao la kizigeu na kani egemezi, yaani 0.40 mara 4.9, ambalo ni kama newtoni 2.0, si kiasi cha msuguano tuli, bali ni ukomo wake. Karibu na newtoni 2.0 kipande kitachomoka, na papo hapo mshale utaanguka hadi 1.5 hivi. Anguko hilo ni la kweli. Kitu kilichokwisha kuanza kuteleza huzuiwa na msuguano mdogo kuliko ule uliokuwa ukikizuia kuanza, ndiyo maana anayesukuma kabati zito hujikuta akitaka kuanguka mara tu linapoachia.

Shida ni kwamba usomaji wa kipande kinachokwenda ni mgumu kuuona: mkono hutetemeka, mshale hurukaruka. Ipo mbinu inayoondoa tabu hiyo. Funga mizani kwenye kitu kisichosogea, kama vile mguu wa meza nzito, ufunge kipande kwenye mizani, kisha uvute ubao kutoka chini ya kipande. Kwa upande wa msuguano hakuna tofauti kama ni kipande kinachoteleza juu ya ubao au ubao unaoteleza chini ya kipande; lakini kwa upande wako tofauti ni kubwa, maana sasa kipande na mizani vimetulia na mshale unasomeka hata kama unavuta ubao kwa mkono usio thabiti. Jaribu kuvuta polepole, kisha haraka kidogo. Usomaji utabaki karibu palepale, jambo ambalo Charles-Augustin de Coulomb alilichunguza kwa kina katika kazi yake ya mwaka 1785 kuhusu msuguano. Gawanya usomaji huo kwa kani egemezi: 1.5 kwa 4.9 ni takriban 0.31. Hicho ni kizigeu cha msuguano wa kuteleza.

Hatua ya tano: ongeza tungamo, kisha geuza ubavu

Weka mfuko mmoja wa mchanga juu ya kipande, halafu miwili, na kila mara rudia kipimo cha msuguano wa kuteleza. Kani egemezi itakuwa newtoni 9.8, kisha 14.7, msuguano unapaswa kuwa karibu na 3.0, kisha 4.5. Chora grafu, kani egemezi ikiwa kwenye mhimili mlalo na msuguano kwenye mhimili wima, na upitishe mstari mnyoofu ulio karibu na nukta zote. Mwinamo wa mstari huo ni kizigeu kilicho bora kuliko kile cha kipimo kimoja. Kama mstari haupiti kwenye sifuri, rudi kwenye marekebisho ya mizani. Mara tisa kati ya kumi kosa liko huko.

Baadaye ondoa mifuko na ulaze kipande kwa ubavu wake mwembamba. Watu wengi hutarajia msuguano upungue, kwa kuwa eneo linalogusana limepungua. Pima. Hautabadilika, au utabadilika kwa kiasi kidogo kisichozidi mtawanyiko wa vipimo vyako. Leonardo da Vinci aliliona jambo hili katika daftari zake mwishoni mwa karne ya 15, lakini hakulichapisha, na likagunduliwa upya na Guillaume Amontons mwaka 1699. Sababu yake ni kwamba nyuso mbili zinazoonekana kugusana zote kwa hakika hugusana kwenye vilele vidogo vidogo tu, visivyoonekana kwa macho. Kipande kikikalia ubavu mpana, mzigo hugawanywa kwenye vilele vingi, kila kimoja kikibanwa kidogo. Kikikalia ubavu mwembamba, vilele ni vichache lakini kila kimoja hupondwa zaidi, na jumla ya mguso halisi hubaki ileile. Kanuni hii ina mipaka. Haifanyi kazi kwa nyuso zenye gundi, na kwa mpira hufanya kazi kwa makadirio tu.

Hatua ya sita: bashiri mwendo, kisha upime

Inua ubao hadi kimo cha sentimita 50, ambapo umbali wa mlalo ni sentimita 86.6. Mwinamo huu unazidi kikomo cha msuguano tuli, kwa hiyo kipande kitateleza na kasi yake itaendelea kuongezeka. Ongezeko hilo la kasi kila sekunde ndilo linaloitwa mchapuko, na kanuni ya pili ya Newton husema kwamba mchapuko ni kani iliyobaki, baada ya kani zote kujumlishwa na kutolewa, ikigawanywa kwa tungamo. Kwa ubao ulioinama hesabu yake ni hii:

mchapuko = 9.8 × (kimo − kizigeu × umbali wa mlalo) ÷ urefu wa ubao

Weka namba, ukitumia kizigeu cha msuguano wa kuteleza kabla ya kukadiriwa kuwa 0.31: 0.306 mara 86.6 ni 26.5; 50 toa 26.5 ni 23.5, gawanya kwa 100, zidisha kwa 9.8, upate mita 2.3 kwa sekunde kila sekunde. Tungamo halimo kabisa katika fomula hiyo. Mzigo ukiongezeka mara tatu, kani inayouteremsha huongezeka mara tatu, msuguano huongezeka mara tatu, na ugumu wa kuuchapusha nao huongezeka mara tatu. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa mwezini, pasipo hewa, na vyote viwili vikagusa ardhi kwa wakati mmoja. Kipande chako chenye mifuko na kisicho na mifuko kitakuonyesha ndugu wa jambo hilo juu ya ubao.

Kuteleza sentimita 80 kutoka hali ya utulivu kwa mchapuko wa 2.3 huchukua sekunde 0.83, muda unaopatikana kwa kuzidisha umbali kwa 2, kugawanya kwa mchapuko, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Usijaribu kuupima kwa saa ya kubonyeza. Kidole cha binadamu huchelewa kwa karibu sekunde 0.2, robo nzima ya muda wenyewe. Weka alama mbili kwenye ubao, rekodi video kwa picha 30 kila sekunde, kisha ipeleke mbele picha moja moja na uhesabu tangu kipande kinapoanza kusogea hadi kinapovuka alama ya pili. Picha 25 ni sekunde 0.83. Ukipata 24 hadi 27, kazi yako ni safi. Ukipata 32, angalia kama ubao umepinda katikati, au kama mkono ulikisindikiza kipande badala ya kukiachia.

Kutumia hesabu hiyohiyo barabarani

Gari lililofunga breki hadi magurudumu yakateleza ni kipande cha mbao kilichovaa mpira. Umbali wa kusimama ni kasi mara kasi, ikigawanywa kwa zao la 2, kizigeu na 9.8. Kizigeu cha mpira juu ya lami kavu ni takriban 0.7, na juu ya lami iliyolowa kinaweza kushuka hadi 0.4. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ni mita 13.9 kwa sekunde, umbali ni mita 14 pakavu na karibu mita 25 penye maji. Kwa kilomita 100 kwa saa, pakavu, ni mita 56: mwendo umeongezeka maradufu, umbali umeongezeka mara nne. Kabla ya hesabu hizo kuanza, dereva anayechukua sekunde 1 kutambua hatari na kukanyaga breki atakuwa amekwisha kusafiri mita 13.9 katika mwendo wa kwanza na mita 27.8 katika ule wa pili, na mita hizo hujumlishwa. Magari ya kisasa hayaachi magurudumu yafunge. Breki zake huachia na kubana mara nyingi kwa sekunde ili gurudumu liendelee kuzunguka na mguso wake na lami ubaki karibu na kikomo cha msuguano tuli, kile kilichokuonyesha newtoni 2.0 kabla mshale haujaanguka hadi 1.5.